Pumzi ya Mgongoni

Jumamosi, 4 Februari 1956
Mvua tangu alfajiri. Leo nimerudi kwenye cherehani baada ya kulala na kichomi karibu mwezi mzima wa Januari. Nimekuta suruali mbili zinanisubiri: mwenye moja kanenepa, mwenye nyingine kaniletea maneno. Fundi akiugua, wateja humhurumia siku chache, kisha huanza kuamini kwamba anaumwa kwa makusudi ili asiwashonee.

Daktari wa hospitali alisikiliza mgongo wangu akasema mapafu yamepona, lakini niandike siku zipi pumzi inanibana na inanibana nikifanya nini, nimpelekee akiniita tena. Basi naandika. Leo ilinibana nilipoinama kutunga uzi kwenye sindano.

Jumatatu, 6 Februari
Mvua. Nikikaa wima napumua vizuri. Nikiinama, hapana. Na kazi yangu ni ya kuinama tangu asubuhi mpaka jioni.

Alhamisi, 9 Februari
Mvua. Kama jana.

Ijumaa, 10 Februari
Baada ya swala ya Ijumaa nilipita kwa Sheikh Likwata kumjulia hali. Huyu ndiye imamu wa msikiti wetu mdogo hapa Mtanda. Ni mtu mwembamba sana; kitambaa ninachomshonea kanzu kingemtosha mwanafunzi. Sasa miguu imemvimba, hawezi kusimama muda mrefu. Nilimwamkia, akaitikia, akanikalisha kitandani mwake akaniambia bila kuzunguka kwamba Ramadhani hii hataweza kuswalisha tarawehe, na kwamba anataka niswalishe mimi. Sura nilizohifadhi zinatosha, na sauti yangu ni nzuri. Bakary mwadhini ana sauti kubwa, lakini sura alizohifadhi ni chache.

Nilitoka pale nimejaa furaha, nakiri. Baba yangu alikuwa akiswalisha msikiti huu kabla Wajerumani hawajamchukua kwenda kubeba mizigo ya vita. Alikwenda, hakurudi. Nilikuwa na miaka saba. Wazee wa Mtanda husema nina sauti yake. Mimi sauti ya baba siikumbuki, nawaamini wao tu. Aliyenilea akanifundisha kusoma na kuswali ni mama yake, bibi yangu Mboni, juu ya mkeka wake mwenyewe, kwa kuwa nyumbani kwetu hakubaki mwanamume wa kufanya kazi hiyo.

Mke wangu Mwanaasha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Baba Samia, na pumzi je?" Nikamwambia Ramadhani bado iko mbali.

Jumanne, 14 Februari
Mvua. Mwanaasha kashinda bondeni kwenye mpunga. Nimeshona mito ya mwalimu wa Kizungu. Haina mabega wala makalio, kazi rahisi.

Ijumaa, 17 Februari
Nimeaibika leo na nitaiandika yote, maana usingizi hauji.

Sheikh alitaka niswalishe swala ya isha ili watu wanizoee. Tulikuwa wachache kwa ajili ya mvua. Nilisimama nje kidogo ya mihrabu, kile kishubaka cha imamu kwenye ukuta wa kibla, Bakary nyuma yangu. Rakaa mbili za mwanzo zilikwenda. Ya tatu, nilipoweka paji la uso chini, tumbo likakaa juu ya mapaja, magoti yakanikaba kifua, na pumzi ikaniisha kabisa. Kule nyuma wote wameinama wanangoja niseme Allahu Akbar wainuke. Mimi nimefungua kinywa na hakuna kinachotoka. Nikainua kichwa nikihema. Bakary akaisema takbira yeye, akasogea mbele, akamalizia swala. Mimi nikarudi safuni kama kitambaa kilichorudishwa na mteja.

Alichofanya Bakary ni sawasawa na sheria, imamu akishindwa wa nyuma yake hushika nafasi. Tena hakunicheka. Tulipokuwa tunavaa viatu alinisogelea akaniambia kwa upole, "Ndugu Abdulrahmani, tarawehe ni rakaa ishirini. Hii ilikuwa isha tu." Ningependa angenicheka.

Nikisema siwezi, hakutakuwa na tarawehe Mtanda mwaka huu. Wazee wetu watalazimika kuteremka mjini usiku na tope hili, na wengi hawataweza. Lakini nisijifiche nyuma ya wazee. Nataka kusimama pale aliposimama baba.

Jumanne, 21 Februari
Mvua, kisha jua kidogo.

Nyuma ya baraza ninaposhonea kuna ua, nao ninashiriki na Jethalal sonara. Kwa miaka yote hii tumekuwa majirani wa kunung'unikiana. Yeye hulalamikia kelele za cherehani, mimi hulalamikia harufu ya dawa zake za kusafishia fedha. Ni Banyani aliyezaliwa hapahapa Lindi, anasema Kiswahili kama mimi, ila ni mchungu wa maneno na mchoyo wa kila kitu, hata kivuli.

Leo asubuhi niliingia uani kuwasha mkaa wa pasi. Nikamkuta juu ya jamvi lake amejikunja: magoti chini yake, kifua juu ya mapaja, paji la uso jamvini, mikono imelala kando. Mzee wa miaka zaidi ya sitini, amekuwa kifurushi. Na bila kuinuka akaanza kunigombeza. Moshi wa mkaa wangu unaingia dukani kwake, alikwisha kuniambia, mimi sisikii, na kadhalika. Maneno yenyewe nimeyazoea. Kilichonishangaza ni sauti, ilikuwa imejaa na imetulia, kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Mimi nikijikunja vile siwezi kutaja jina langu.

Nikamwuliza anapumulia wapi. Nadhani katika maisha yangu yote ni mara ya kwanza kumwuliza swali ambalo si la ugomvi. Akainuka taratibu, akaketi, akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikamweleza.

Akasema, "Njoo kesho kabla hujawasha mkaa. Na uoshe miguu, jamvi ni safi."

Jumatano, 22 Februari
Mambo yale huyaita yoga. Alifundishwa na baba yake, ambaye naye alikuwa sonara. Anasema kazi yao ndiyo inayowalazimisha: sonara hukaa chini amejipinda juu ya jiko kutwa nzima akipuliza moto kwa kijibomba mdomoni, na pumzi ikikatika, dhahabu inaharibika. Hilo nilikuwa silijui, na tumetenganishwa na ukuta mmoja.

Alinikunja mara moja nikakwama. Akanitoa. Kwa leo, akasema, basi.

Ijumaa, 24 Februari
Sonara ni mwalimu mkali. Kosa langu la kwanza, anasema, ni kuvuta. Mimi nikibanwa huvuta pumzi kwa nguvu, na nikivuta kwa nguvu shingo inakaza, mabega yanapanda, njia inazidi kuwa nyembamba. Yeye anataka nitoe kwanza, polepole, mpaka iishe yenyewe, kisha ningoje. "Usiitafute. Itakuja, haina pengine pa kwenda."

Nikamwambia ni rahisi kusema. Akaniambia ni rahisi pia kunyamaza.

Jumatatu, 27 Februari
Mvua kubwa. Ua umejaa maji. Hatukufanya.

Alhamisi, 1 Machi
Kosa la pili: tumbo. Nikijikunja, tumbo linabanwa na mapaja, nami naendelea kuilazimisha pumzi iende hukohuko mbele. Sonara akaniwekea viganja mgongoni, chini ya mbavu, akasema niipeleke pale. Nikamwambia mgongoni hakuna mapafu. Akauliza daktari alinisikiliza wapi. Ilinibidi nikiri: mgongoni.

Jioni nikapata wazo langu mwenyewe, si la sonara. Nimejishonea kizibao cha kubana cha kitambaa cha marekani, vifungo mbele na mshono mmoja katikati ya mgongo. Nikikivaa na kujikunja, nitajua pumzi imekwenda wapi kwa kuhisi kitambaa kinavutika upande gani. Mwanaasha aliponiona nimekivaa sakafuni alisema iwapo nimeanza kucheza ngoma nimwambie mapema atafute chombo cha kutunzia tuzo.

Jumatatu, 5 Machi
Kizibao kinavutika mbele tu. Mgongoni hakuna kitu.

Jumatano, 7 Machi
Mbele tu.

Jumamosi, 10 Machi
Sonara kaniambia najikunja mno. Nifike pale ambapo pumzi bado inakwenda, nibaki hapo, nisione fahari ya kwenda chini zaidi. Pumzi ikigoma, anasema, basi aliyezidisha ni mimi, si pumzi. Akaniwekea mto chini ya kifua. Ni mmoja wa mito ya mwalimu wa Kizungu, nitaufua.

Jumatatu, 12 Machi
Leo mshono wa mgongoni umevutika.

Nilikuwa nimeshatoa pumzi yote, nangoja, nawaza kola ya shati la Bakary. Mara ikaja yenyewe, polepole, ikapanua mbavu pembeni kisha nyuma, nikahisi uzi unakaza kutoka kiunoni mpaka kati ya mabega. Nilitaka kucheka lakini kucheka kungeharibu. Nikabaki pale nikipumua kama mtu aliyelala. Sonara akasema, "Haya, sasa nigombeze." Nikamgombeza kuhusu harufu ya dawa zake, nimejikunja vilevile, kwa sentensi ndefu, na sauti ikatoka. Tulicheka wote wawili. Sikujua ana meno mazuri.

Alhamisi, 15 Machi
Mvua. Pumzi nzuri, hata kwenye cherehani.

Jumanne, 20 Machi
Mambo yameharibika.

Bakary alikuja asubuhi kuchukua shati lake, hakunikuta barazani, akapita kichochoroni akachungulia uani. Uani, karibu na ukuta wa mashariki, Jethalal ana chungu kikubwa kilichopandwa mmea wao, unafanana na mrehani, mke wake huumwagia maji kila asubuhi na kuuzunguka akiomba. Jamvi hutandikwa hapo kwa sababu ndipo pakavu. Sikuwahi kulifikiria. Bakary alichokiona ni hiki: imamu wake mtarajiwa, paji la uso chini, mbele ya chungu cha Banyani.

Sikumsikia. Nilipoinuka nikamkuta amesimama na mwavuli, uso umembadilika. Nikaanza kueleza habari ya pumzi. Akanikatiza.

"Nimekuona kwa macho yangu. Sikuambiwa."

"Ni mazoezi, Bakary. Nasaidiwa kifua."

"Sujudu haifanyiwi mazoezi kwenye nyumba ya mtu anayeabudu mti."

Jethalal akaingilia, kwa hasira, kwamba hakuna anayeabudu chochote saa hizi na kwamba mwavuli unamdondoshea maji jamvini. Hakutusaidia. Bakary akaondoka bila shati.

Nilimchukia siku nzima. Nimekosea kukata mikono ya shati la mtu, yote miwili ya kushoto.

Alhamisi, 22 Machi
Mvua. Hakuna mteja. Si kwa ajili ya mvua.

Jumamosi, 24 Machi
Hakuna.

Jumanne, 27 Machi
Kisimani wanawake walimwuliza Mwanaasha ni kweli nimeingia dini ya Kibanyani. Akawajibu kwamba mimi nikibadili dini nitaanza kwanza kwa kubadili shati, na shati ni lilelile wanaloliona. Walicheka, anasema, wakamwachia ndoo yake ijae kwanza. Lakini aliponisimulia hakuwa akicheka. Akaniuliza ninachokifanya kule uani kina neno lolote la ibada ndani yake, hata moja. Nikamwambia la. Akasema basi nisikiache kwa kuogopa watu, nikiache kama kina ubaya. Niende kwa Sheikh mwenyewe kabla Sheikh hajaniita.

Huyu mwanamke ningemsikiliza mara nyingi zaidi ningekuwa tajiri. Ila nimechelewa. Magharibi Sheikh ametuma mtu: Alhamisi ya wiki ijayo, baada ya alasiri, nifike kwake, na sonara aombwe afike kama hataona vibaya.

Alhamisi, 5 Aprili
Tulikuwa wanne chumbani: Sheikh Likwata kitandani miguu imeinuliwa juu ya mto, Bakary, Jethalal na mimi. Jethalal alivaa koti. Nilikuwa sijui kwamba wale wazee wawili wanajuana sana. Herini za mabinti wote wa Sheikh zimetengenezwa na Jethalal. Walianza kuulizana habari za binti na wajukuu kana kwamba hakuna kesi.

Kisha Sheikh akamwuliza sonara, kwa heshima, kama lile jambo la jamvini ni ibada yao. Jethalal akajibu kwamba ibada yake anaifanya ndani, baada ya kuoga, kwa taa na kengele, na hajawahi kumkaribisha fundi wala fundi hajaomba kukaribishwa. La jamvini kwake ni dawa ya mgongo na pumzi. Kama mahali ndipo panapoleta shida, ua una kuta nne.

"Basi geuzeni jamvi," Sheikh akasema. "Chungu kikae nyuma yake."

Bakary akasema hilo halitoshi, watu wameshasema. Sheikh akamjibu kwamba watu walisema kwa sababu yeye aliwaambia. Bakary akainamisha kichwa. Akasema, "Niliona jambo, Sheikh, nikalisema. Kama ningeliona nikanyamaza ungeniuliza pia." Ni kweli, angeulizwa. Hapo chuki yangu ikapungua kidogo, ingawa sikupenda ipungue.

Sheikh akanigeukia. "Nionyeshe anavyokukunja sonara." Nikaonyesha. Akatazama. "Sasa nionyeshe unavyosujudu." Nikaonyesha, vilevile ninavyosujudu tangu utoto. Akanikazia macho, nikadhani nimekosea kibla.

"Abdulrahmani, nani alikufundisha kuswali?"

"Bibi yangu, Sheikh. Bibi Mboni."

"Naona. Unaswali kama yeye."

Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza watoto wa chuo cha Kurani. Mwanamume akisujudu huachanisha viwiko na mbavu zake, na tumbo hulitenga na mapaja. Mwanamke ndiye hujikusanya, viwiko ndani, tumbo juu ya mapaja. Bibi alinionyesha kile alichokijua, sujudu yake mwenyewe, na hakukuwa na baba wala babu wa kunionyesha nyingine. Miaka karibu arobaini nimekuwa nikijifunga mwenyewe, na kichomi kilipokuja kikanikuta nimeshafungwa.

Nilimwuliza kama swala zangu zote zimeharibika. Akasema hapana, ni sunna ya mkao tu, Mungu amezipokea inshallah. Akamwuliza Bakary, ambaye kwa miaka mingi ameswali safu ya nyuma yangu, kama hakuwahi kuona.

"Niliona," Bakary akasema. "Nilidhani ni tumbo."

Jethalal ndiye aliyecheka kwanza. Mimi niliona haya. Kisha nikamkumbuka bibi akininyoosha vidole vya miguu juu ya mkeka, akiniambia nitulie, na haya ikaondoka, nikabaki na huzuni. Alikuwa na mwanawe mmoja, wakamchukua, na akakaa chini kunifundisha alichokuwa nacho.

Jumamosi, 7 Aprili
Nimesujudu kiume nyumbani. Viwiko nje, tumbo juu. Pumzi inaingia kama kwenye nyumba iliyofunguliwa madirisha. Kwa hiyo tatizo lilikuwa hilo tu.

Jumatatu, 9 Aprili
Mvua. Wateja wamerudi, Ramadhani inakaribia na kila mtu anataka kanzu. Nimeswalisha isha leo, nimesimama palepale nje ya mihrabu, bila shida hata chembe. Sikwenda uani asubuhi. Sina haja tena ya kukunjwa. Sonara aliniona nikipita. Alisema tu, "Jamvi lipo."

Jumatano, 11 Aprili
Sikwenda. Wingu limetanda, mwezi haukuonekana.

Alhamisi, 12 Aprili
Mwezi umeonekana. Usiku huu tumeswali tarawehe ya kwanza, na sijui nianzie wapi.

Nianze na mvua. Ilianza saa kumi, ikasimama kidogo magharibi, watu wakapata nafasi ya kuuona mwezi kati ya mawingu, kisha ikarudi. Msikiti ulijaa kuliko nilivyowahi kuuona. Wengine, nina hakika, walikuja kuona kama fundi ataanguka. Baraza la nje linavuja, waliokuwa nje wakaingia ndani, safu zikasogezwa mbele, zikasogezwa tena, mpaka safu ya kwanza ikafika karibu na ukuta na mimi nikasukumwa ndani ya mihrabu yenyewe.

Sijawahi kuswali ndani yake. Siku za kawaida tuko wachache, imamu husimama nje. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe na watu wa zamani, na msikiti ukijaa Sheikh Likwata huingia humo akabakiwa na nafasi. Mimi si Sheikh Likwata. Nilisimama vizuri, nikasoma vizuri, rukuu ikapita. Nikashuka kusujudu, nikafungua viwiko, vikagonga mawe pande zote mbili. Nikajaribu kurudi nyuma, kisigino kikagusa kichwa cha Bakary. Hapakuwa na pa kwenda. Ilibidi nijikusanye, viwiko ndani, tumbo juu ya mapaja, magoti kifuani. Sujudu ya bibi.

Nikaogopa. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa Februari tena, na nyuma yangu Mtanda nzima imeinama inangoja. Nilihisi Bakary anajiandaa. Nikataka kuvuta.

Sikuvuta. Nilitoa. Nikaitoa yote polepole mpaka ikaisha, nikaacha mabega yaanguke, nikangoja. Ulikuwa muda mfupi sana lakini niliuona wote. Kisha ikaja. Nilikuwa nimevaa kizibao changu ndani ya kanzu, kwa baridi tu, nikahisi mshono wa mgongoni unakaza taratibu kutoka chini kwenda juu. Nikasoma tasbihi zangu. Nikasema Allahu Akbar, na sauti ikatoka imejaa, nikasikia watu wakiinuka nyuma yangu kwa pamoja.

Rakaa zote ishirini zilikwenda hivyo, na swala ya witri ya kumalizia juu yake. Mwishoni nilikuwa nimechoka, viwiko vimechubuka, lakini sikuhema. Bakary alinipa mkono. Akasema, "Nilisema nilichokiona. Kesho nitasema nilichokisikia." Nikamwambia shati lake bado liko kwangu.

Ijumaa, 13 Aprili
Saumu ya kwanza. Nimekwenda uani alfajiri, nimeosha miguu. Sonara alisogea akanipa nusu ya jamvi. Chungu kilikuwa nyuma yetu.

Jumatano, 18 Aprili
Mvua. Wachache, lakini nimeswalisha ndani ya mihrabu vilevile. Wazee wamesema sauti inasikika vizuri kutokea humo.

Jumatatu, 23 Aprili
Nimemwambia Sheikh ukweli kuhusu viwiko na ukuta. Akafikiri. Akasema mahali pakiwa pembamba mtu huswali anavyoweza. Kisha akaniuliza ilikuwaje pumzi. Nikamweleza habari ya kutoa kwanza. Aliniomba nimwonyeshe akiwa palepale kitandani, kwa ajili ya usiku miguu inapomsumbua.

Jumapili, 29 Aprili
Kanzu, kanzu, kanzu. Nazikata zote na nafasi kidogo zaidi mgongoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ijumaa, 4 Mei
Mvua imepungua. Mwanaasha ameanza kuvuna mpunga. Futari ya leo ilikuwa ya muhogo wa nazi, nimekula kwa kiasi, maana nimejifunza tumbo lililojaa linachukua nafasi yote.

Ijumaa, 11 Mei
Tumeutafuta mwezi, wingu limeuficha. Kesho tunafunga. Bakary amenung'unika kwa sababu alishanyoa.

Jumapili, 13 Mei
Idi. Jua kali, barabara zimeanza kukauka.

Asubuhi, kabla ya swala, nilimpelekea Jethalal sahani ya tambi za nazi na zabibu, haina nyama wala yai, Mwanaasha aliipika kwenye sufuria mpya ili asiwe na mashaka. Alikuwa kazini, amejipinda juu ya jiko na kijibomba mdomoni. Akamaliza kupuliza kwanza. Kisha akauliza, "Pumzi?" Nikamwambia ipo. Akapokea sahani akaniambia nisogeze jiko langu la mkaa upande wa pili wa ua, moshi bado unaingia. Nimelisogeza.

Baada ya swala wazee walinizunguka. Mmoja wao, aliyemjua baba, alinishika mkono akasema usiku wa mwisho alifumba macho akamsikia baba yangu. Nilimshukuru, na nilifurahi, maana hilo ndilo nililokuwa nikilitaka tangu Februari. Sikumwambia lililobaki. Bakary alikuwa kando yetu, alinitazama, naye hakusema.

Sauti inawezekana ni ya baba, sijui. Lakini Ramadhani nzima wanaume wa Mtanda wameinama nyuma ya sujudu ya bibi yangu Mboni, ambaye hakuwahi kuingia msikitini mle hata siku moja.